Pasipoti Ndani ya Kopo la Samli

Benchi lenyewe si benchi. Ni mlango wa lori uliong'olewa, ukalazwa juu ya matairi mawili nje ya nyumba ya Umm Nasim, katika mtaa wa wazoa taka chini ya mlima Mokattam, pale kichochoro cha wachambua bati kinapokutana na kile cha wachambua nguo. Umm Nasim hupika kahawa ndani na kuitoa dirishani. Wateja wake wa kila siku ni watatu. Yupo Fawzi, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Labib, aitwaye Balozi kwa sababu zamani alifagia uwanja wa ndege, na tangu hapo hakuna nchi asiyoijua. Na yupo Girgis Bati, mjane, ambaye makopo yote ya taka za mtaa huishia uani kwake. Asubuhi hiyo Girgis alitangulia kufika, akaagiza kahawa ya sukari kiasi, akaiacha ipoe. Alikuwa ameficha pasipoti ya binti yake, na usiku kucha hakupata usingizi.

Binti mwenyewe ni Irini, mtoto wake wa pekee. Jumapili alikuwa apande ndege na watu wa kanisa kwenda Nairobi, akatumikie mwaka mzima kwa watu wanaoishi kwa kuokoteza kwenye jaa kubwa la huko. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa neno la baba. Abuna Bisenti, padri wao, alikuwa ameshasema hamchukui binti wa mtu bila baba yake kutamka ndiyo kwa mdomo wake, na leo angepita kulisikia. Girgis hakutaka kusema ndiyo. Hapana nayo ilimshinda, maana tangu mama yake Irini afariki hajawahi kumwambia mtoto huyo hapana. Ndipo alipoitoa pasipoti nyuma ya picha ya Bikira, akaitia ndani ya kopo tupu la samli, akalisukumia kopo hilo katikati ya lundo la makopo mengine. Alitaka Mungu ndiye aonekane amekataa.

Wenzake walipofika, hata hawajakaa vizuri, akawachokoza.

— Nyie mnaojua dunia, hebu niambieni. Hiyo Kenya ni pa kumpeleka mtoto wa mtu?

Redio akashika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

— Kenya! Abu Irini, kule simba wanakatiza barabarani kama paka wa Umm Nasim. Askari ananyoosha mkono, magari yanasimama, bwana mkubwa anavuka.

— Simba si tatizo, akasema Balozi. Tatizo ni mbio.

— Mbio zipi tena?

— Watu wa kule hawatembei, wanakimbia. Nimewaona kwa macho yangu mawili uwanja wa ndege. Mtu anashuka kwenye ndege, mbio. Anachukua begi lake, mbio. Ukimtuma mtu wa kule dukani, anarudi hujamaliza kumwambia umemtuma nini.

— Labda walikuwa wamechelewa.

— Wote?

— Sasa Irini na kile kisigino chake kibovu atawaweza wapi? akauliza Redio, na uso wake ulijaa huruma ya kweli.

Girgis akatikisa kichwa kwa masikitiko. Moyoni alikuwa anafurahi. Hoja zilikuwa zinakuja zenyewe.

— Na chakula? akasukuma.

— Ful hakuna, akasema Balozi.

Hapo benchi zima, lililokuzwa kwa maharage ya ful, likashusha vikombe. Umm Nasim akatoa kichwa dirishani.

— Hakuna ful? Na wakati wa mfungo watu wanakula nini?

— Ndiyo nawaambia. Nchi nzima, kutoka mpakani mpaka mpakani, hutapata bakuli la ful.

— Muongo wewe. Maharage wanayo, aliniambia mwenyewe yule Mama Kwamboka wao wa Nairobi, alipokuja na wageni wa kanisa mwaka jana. Tena alinipikia humu jikoni kile chakula chao cheupe cha unga wa mahindi. Nilikula asubuhi, njaa nikaisikia kesho yake.

— Si unaona! akadakia Redio. Ndiyo maana wanakimbia. Wanataka kishuke.

Wakacheka, na Girgis akacheka nao kidogo kwa adabu, kisha akawarudisha kwenye njia aliyoitaka.

— Mimi linaloniumiza ni jingine. Sisi ndio tunaotembelewa. Kila kiangazi wageni wanateremka hapa na fulana zao za rangi moja, wanatuimbia, wanatuombea. Leo na sisi tumepata fukara wetu wa kwenda kumtembelea?

Neno hilo lilimgusa Balozi pabaya, maana kwa mambo ya wageni yeye ndiye msemaji.

— Usinikumbushe. Ukuta wa shule ya Jumapili umepakwa rangi mpaka umenenepa. Wamepaka buluu, wakaja wengine wakapaka njano, wakaja wengine na njiwa na upinde wa mvua. Mlango haufungiki tena.

— Mngewaambia basi, akasema Umm Nasim.

— Tungewaambia nini? Mtu amevuka bahari ameshika brashi. Utamwambia rudi nayo?

— Mimi nimelichunguza hilo, akasema Redio, akashusha sauti, na aliposhusha sauti hata wachambua nguo walisogea kusikiliza, na mmoja wao, mgeni, akakalia tairi la mwisho na kikombe chake. Wale hawaji kwa ajili yetu. Kwao kila kitu kinanukia. Sabuni, maua, marashi mpaka kwenye gari. Pua inalala, haifanyi kazi. Daktari anamwambia mtu: nenda Mokattam, kaizindue pua yako.

— Acha zako! akasema Balozi. Wanahesabu punda.

— Punda?

— Umewahi kumwona mmoja aliyepita hapa asimpige picha punda? Kwa nini? Kuna mtu mahali anataka kujua tuna punda wangapi. Siku atakayojua, mtajua na nyie.

Girgis hakucheka. Alikuwa amekumbuka kiangazi kimoja, mkewe Samia akiwa bado hai, anachambua mlangoni kwake. Mgeni mmoja, mwanamke, alimpiga picha, akatokwa na machozi, akamkumbatia kwa nguvu, akaenda zake. Samia alibaki amekaa na kopo mkononi, akamuuliza mumewe: yule dada alikuwa analia nini? Tangu siku hiyo Girgis aliwachukia wote wanaovaa fulana za rangi moja. Kuwaza kwamba binti yake naye angesimama mlangoni kwa mwanamke mwingine huko mbali, amevaa fulana kama ile, kulimchoma.

Irini akatokea kichochoroni. Alikuwa na nguo yake ya kazi, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, ule msalaba aliochanjwa utotoni ukionekana juu ya kifundo cha mkono.

— Asubuhi njema, ami Fawzi. Ami Labib. Shangazi, Mungu akupe nguvu.

— Karibu bibi harusi wa simba, akasema Redio.

— Asante ami. Nikimwona nitamsalimia kwa jina lako, akuogope.

Kisha akamgeukia baba yake, akabaki amesimama.

— Baba, Abuna yuko kwa Ayad, anamaliza kumwombea mgonjwa. Akitoka huko anakuja hapa. Nimekuja kusikia utamwambia nini.

Girgis akatazama kahawa yake. Ilikuwa imeshafanya utando juu.

— Nitamwambia nini, mwanangu? Nimetafuta pasipoti yako tangu juzi. Imepotea.

— Yesu! akasema Umm Nasim.

Benchi likachangamka. Msiba wa aina hii walikuwa hawajaupata siku nyingi.

— Imeliwa, akasema Redio. Nguruwe wa Ayad hao. Walishakula cheti changu cha ndoa, na tangu wakile, ndoa imetulia.

— Haikuliwa, akasema Balozi. Pasipoti ni kitu cha serikali, nguruwe anajua. Hii imechukuliwa kutoka juu. Malaika ameshuka, ameitazama, ameona hiyo safari haina heri, ameondoka nayo.

— Malaika ataipeleka wapi pasipoti ya mtu?

— Kwani wewe unajua ya kule juu?

— Ni ishara, akasema Girgis upesi, na aliona aibu kusikia jinsi sauti yake ilivyotoka nyembamba. Mungu akifunga mlango, Irini, mtu hausukumi.

Irini akavuta debe, akalipindua, akakaa mbele ya baba yake magoti yakikaribia kugusana.

— Baba, pasipoti imo kwenye kopo la samli. Lile lenye picha ya ng'ombe mwekundu. Liko katikati ya lundo, upande wa ukutani.

Kikombe cha Redio kikasimama njiani kwenda mdomoni.

— Nimeiona siku ile ile uliyoiweka, akaendelea. Mimi ndiye ninayechambua bati lako, Baba. Kila kopo linapita mkononi mwangu. Ulidhani hilo moja litanipita?

Umm Nasim alicheka mpaka kahawa ikafurika jikoni na moto ukazimika. Redio alijipiga paja. Balozi, ambaye malaika wake ameumbuliwa mchana kweupe, aliona bora ahamie upande mwingine.

— Girgis! Umezaliwa kwenye taka, umekulia kwenye taka, na ukitaka kuficha kitu unakificha kwenye taka? Ungeiacha pale pale nyuma ya Bikira, angeitafuta miaka!

— Ungeiweka mfukoni mwa suti yako ya harusi, akasema Redio. Pale ndipo mkono wa mtu haujafika.

Girgis aliona masikio yanawaka moto. Mtu mzima, mvi kichwani, anachekwa mbele ya mwanawe, na mwanawe ndiye asiyecheka.

— Sasa kama uliiona, kwa nini hukuichukua?

— Niliitoa, nikaifuta samli, nikairudisha humo humo. Sitaki kwenda kwa kukuibia. Nataka uitoe wewe, unipe mkononi.

— Na nisipoitoa?

— Jumapili nitakuwa uani nachambua. Na wiki nyingine likitoka kundi lingine nitakuomba tena. Na mwaka kesho nitakuomba. Mimi sichoki, Baba, unanijua. Niliomba glavu kwa watu wa hospitali mpaka mlinzi akawa ananikimbia.

— Hilo kweli, akasema Umm Nasim. Alihama lango.

Girgis akaona amezungukwa. Akaweka kikombe chini kwa kishindo, na maneno aliyokuwa hajawahi kuyasema yakatoka yote pamoja.

— Unataka kujua kwa nini nimeificha? Mama yako alikwenda kwa sindano! Sindano ya hospitali iliyotupwa kwenye mfuko wa jikoni. Ilimchoma, akanyonya kidole, akatema, akaendelea kuchambua, hakumwambia mtu. Nikaja kujua macho yake yameshakuwa manjano. Na wewe unatoka hapa, unapanda ndege, unakwenda kuzifuata sindano nyingine ng'ambo! Na mimi nibaki na nani? Na nyumba hii? Nikuzike kwa simu?

Redio akatazama chini. Balozi akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndara.

— Ndiyo maana nakwenda, akasema Irini.

— Ndiyo maana nini?

— Kwa sababu ya Mama. Baba, Mama Kwamboka alipokuja hapa, wenzake walipelekwa kuoneshwa kanisa la mwambani. Yeye alikataa. Alikaa kwenye lundo letu, akakunja sketi, akaanza kuchambua pamoja nami. Alikuwa anatoa bati huku, nguo kule, kama amezaliwa hapa hapa. Nikaona vidole vyake. Vina alama kama za Mama. Nikamuuliza, akanionesha na mkono wa pili. Akaniambia: kwetu tunanyonya na kutema. Maneno hayo hayo.

Girgis akatazama vidole vyake mwenyewe.

— Sindano zile wageni wa kiangazi hawajawahi kuziona. Wanaona lundo tu, wanalia, wanapaka rangi. Sisi ndio tunajua zinakaa wapi kwenye mfuko, mkono unaingiaje, hospitali wanasemeshwaje mpaka watenge zao. Tumejifunza kwa kuzika watu. Yule mama hakuniomba nguo wala nyimbo. Aliniomba nije tukae naye kwenye lundo, niwaoneshe wenzake. Nimwambie nini? Baba kaniambia wewe pia unyonye uteme?

— Na hapa? akauliza Girgis. Hapa kwetu ukiondoka, nani?

Irini akafungua mdomo kujibu, lakini kwenye tairi la mwisho wa benchi mtu akakohoa. Walikuwa wamemsahau kabisa. Ni mwanamume wa makamo aitwaye Subhi, amefika wiki ile ile kutoka Beni Suef na mkewe, akapata kazi ya kuchambua kwa wachambua nguo. Umm Nasim alimpa kahawa bila kumuuliza mengi, naye alikuwa anainywa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha chini ya kanzu.

— Samahanini, wakubwa, akasema. Nisingependa kuingilia mambo ya baba na mwanawe.

— Ingilia tu, akasema Redio. Hapa ndipo pa kuingilia.

Akautoa mkono. Ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa damu kidogo kwenye kidole gumba.

— Imenichoma asubuhi hii. Sindano. Nilikuwa najiuliza nimuulize nani.

Redio, ambaye ana neno juu ya kila kitu kilicho chini ya jua, alimtazama Girgis ajibu yeye. Balozi naye vivyo hivyo. Girgis alikitazama kile kitambaa, na kwa muda hakuwa kwenye benchi tena. Alikuwa mlangoni kwake miaka ile, anaingia na mkokoteni, hajui kitu, mkewe anamkaribisha.

Irini hakuinuka hata kwenye debe. Aligeuza kichwa juu, kwenye roshani ya pili.

— Marina!

— Naam!

— Sindano!

Madirisha mawili matatu yakafunguka. Ndara zikateremka ngazi kwa kasi, na Marina, mmoja wa wasichana aliowafundisha Irini, akatokea na mche wa sabuni na ndoo ya maji, jasho linamtoka, unga bado uko mikononi, na mwenzake Rehema nyuma yake.

— Nani? Wewe, ami? Usikiminye. Usinyonye. Toa hicho kitambaa. Leo leo hii? Vizuri umesema. Sindano yenyewe iko wapi? Rehema, wewe nenda ukakae na mkewe. Ami, naosha kwanza, halafu tunakwenda kliniki sasa hivi, huendi kumalizia kahawa, huendi kubadili nguo. Twende.

Dada mwingine alishatokea na koleo na chupa nene ya plastiki ya kutilia ile sindano, akakimbilia kwa wachambua nguo. Hakuna aliyemuuliza Irini kitu. Yeye alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, anamtazama baba yake.

Maji ya Marina yalitiririka juu ya kidole cha yule mgeni, yakapita chini ya benchi, yakailowesha miguu ya Balozi, na Balozi hakulalamika. Subhi aliacha aoshwe kama mtoto. Marina alipomshika mkono waondoke, akasita, akageuka.

— Nimewasikia mkizungumza, akasema. Huko mnakosema. Mtu kama mimi akichomwa, anamwita nani?

Hakukuwa na ubaya wowote katika swali lake. Aliuliza tu kama mtu anavyouliza njia. Redio alimtazama Balozi. Balozi, aliyeifahamu Kenya nzima na mbio zake, alitazama kikombe. Umm Nasim alirudi ndani, akawa anapuliza moto ambao ulikuwa umeshazimika kabisa. Marina akamvuta mgeni wake, wakaenda.

Girgis aliwafuata kwa macho mpaka walipokata kona. Kisha akamwuliza Irini, polepole:

— Yule mama wa Nairobi. Ana watoto?

— Watatu. Wanachambua naye.

Girgis akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, akajifuta tena, na machozi yakaendelea kuja. Hakujaribu kuyaficha. Redio alikuwa pale pale, na kabla ya adhuhuri Mokattam nzima ingejua kwamba Girgis Bati amelia benchini. Haikumshughulisha.

— Nina hofu, Irini. Usidhani imeniisha.

— Najua, Baba. Na mimi ninayo.

— Basi nenda.

Alilisema chini chini, kwenye ndevu. Irini akamshika mkono, akaubusu, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, na yeye pia alikuwa analia sasa, lakini akatazama kichochoroni, ambako kanzu nyeusi ya Abuna Bisenti ilikuwa inakuja taratibu, inasimamishwa na kila mtoto na kila punda.

— Abuna hajasikia, Baba. Amesema atalisikia kwa mdomo wako.

Girgis akainuka kwenye benchi. Akavuta pumzi, akatamka ndiyo, aende, safari hii kwa sauti ile anayoitia mkokoteni ulio mbali, hata wachambua nguo wakaacha kazi, na Abuna, mwisho kabisa wa kichochoro, akasimama na kuvua kofia.